Goti la Wifi Marsiana

Wifi yangu Marsiana ana mguu mmoja unaojua kupiga goti na mwingine unaojifunza. Haya nayasema naye akiwa amekaa hapa karibu yangu, anachambua maharage, na amenisikia vizuri. Wifi kwa wifi hatuogopani. Yeye aliolewa na kaka yangu Theodory, Mungu amlaze mahali pema, na tangu siku aliyoingia nyumbani kwetu Mollo mimi nina ruhusa ya kumsema, na yeye ana ruhusa ya kutonisikiliza.

Kwetu Ufipa mwanamke akimsalimia mtu mzima hushuka chini. Magoti yote mawili yanafika ardhini, viganja vinapigwa taratibu, kichwa kinainama kidogo, ndipo salamu inatoka. Siku hizi wengi wanafupisha. Wa mjini, huko Mazwi, anakunja kidogo tu akiwa amesimama, simu iko sikioni, na yeye anahesabu kwamba amesalimia. Marsiana hakuwahi kufupisha. Alishuka popote alipokutana na mtu wa kupigiwa goti: kwenye tope, kwenye changarawe, katikati ya njia ya mikokoteni ya ng'ombe, mbele ya duka la mbolea. Alishuka kwa mara moja, bila kutafuta pa kushika, na kishindo chake kilisikika. Mapadre wapya walioletwa parokiani walishtuka mara ya kwanza, wakidhani mama wa watu ameanguka. Nilikuwa nikimwambia, "Wifi, punguza, utaitoboa dunia," naye ananijibu kwamba dunia imezoea.

Kama angeishia kupiga goti lake mwenyewe, tungemwachia sifa zake. Shida ni kwamba alijifanya mkaguzi. Misa ikiisha alisimama nje ya mlango wa kanisa, mikono ameifunga kifuani, na kila msichana aliyemsalimia mtu alipata alama zake papo hapo. "Yule ameishia njiani." "Huyu ameshusha goti moja, jingine amemwachia nani?" "Yule makofi anapiga kama anaua mbu." Akina mama wenye mabinti walipitia mlango wa pembeni, hata kama jua lilikuwa kali na mlango wenyewe uko mbali.

Basi katika ukaguzi huo ndipo alipomkagua Salome.

Mwana wa Marsiana, Adriano, ni fundi pikipiki, ana kibanda chake Mazwi. Ni kijana mpole, mikono ina oili mpaka Krismasi. Mwaka mmoja alituletea msichana wa Wampembe, kule chini ziwani, ambaye alikuwa ameanza kazi hospitali mjini. Tuliambiwa kazi yake ni mazoezi ya viungo, nasi tukadhani anawafundisha askari kwata. Salome alikuja na ndoo ya samaki, migebuka iliyokaushwa, ameishika kwa mkono mmoja. Alipofika mbele ya Marsiana alikunja magoti kidogo, akasema shikamoo mama, akatoa mkono wa kulia kama wanavyofanya watu wengi wa kule mwambao wa ziwa, ambako watu wa kila aina wanakutana na kila mmoja ana salamu yake. Tabasamu lake lilikuwa zuri. Mimi nililiona. Wifi yangu hakufika huko juu, macho yake yalikuwa yamebaki chini kwenye magoti.

"Huyu ana magoti ya saruji," alisema, na hakusema kwa sauti ndogo. Uwanja mzima ulisikia.

Tungeweza kuyafukia maneno yale. Lakini mshenga alipopelekwa Wampembe kueleza kwa nini posa imekawia, badala ya kuyaosha njiani kama washenga wanavyofanya, aliyafikisha mabichi. Salome amelelewa na bibi yake, Bibi Cornelia, mjane wa mvuvi, mwanamke ambaye nasikia hata mitumbwi humpisha. Bibi Cornelia alisikiliza mpaka mwisho, akamwagizia mshenga jibu. Alisema posa ya Mollo ataisikiliza siku ambayo mama yake Adriano atakuja mwenyewe, hapo nyumbani kwake, amwonyeshe namna wanavyopiga goti watu wenye magoti ya nyama.

"Mimi? Nikapige goti Wampembe?" Marsiana alicheka kile kicheko chake cha puani. "Ng'o!"

Ikawa hivyo. Misimu ikapita, ulezi ukapandwa na kuvunwa, na Adriano hakuoa. Hakugombana na mama yake wala hakumnunia. Alikuja kila Jumapili, akala ugali wake, akasema asante mama, akawasha pikipiki akarudi Mazwi. Tulimtajia wasichana wengine, wazuri, wanaoshuka mpaka chini. Aliwasifia wote kwa heshima na hakumfuata hata mmoja. Marsiana aliniambia siku moja tukipalilia, "Wifi, angenipigia kelele ningemweza. Hii asante mama inanimaliza." Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amechoka, na nilimwonea huruma, ingawa nilimwambia apalilie vizuri upande wake.

Sasa nije kwenye vigae.

Parokia ilijenga ukumbi mpya, na kamati, kwa fahari, ikaweka vigae sakafuni. Vyeupe, vinang'aa, unajiona kidevu ukiinama. Baba Askofu alikuwa anakuja kwa kipaimara, na mabinti walitakiwa wajue kumpokea. Unadhani aliitwa nani kuwafundisha? Marsiana alivaa kitenge chake cha sikukuu kwa ajili ya mazoezi tu. Aliwapanga mabinti mstari, akasimama mbele yao, akasema, "Tazameni."

Akashuka kama alivyozoea kushuka maisha yake yote, kwa mara moja, kwa uzito wote. Udongo wa Mollo ulikuwa umemvumilia miaka yote hiyo kwa sababu ni udongo. Kigae hakina uvumilivu. Goti la kushoto liliteleza kidogo, likatua vibaya, na sote tukasikia mlio. Mabinti, kwa utii, nao walikuwa tayari wanashuka. Marsiana hakulia. Alikaa pale sakafuni amekunja uso, akasema neno moja tu: "Vigae." Alilisema namna mtu anavyomtaja jirani aliyemfitini.

Hospitali walikuta kile kifupa cha mbele ya goti, kinachokaa kama kifuniko, kimepasuka. Walimfunga hogo, ile plasta ngumu nyeupe, kuanzia pajani mpaka karibu na kifundo cha mguu. Alirudi nyumbani amenyoosha mguu mbele kama mtu anayeonyesha njia. Wageni walikuja kumpa pole, wazee kwa vijana, naye akawasalimia akiwa amekaa. Kila mmoja alimweleza upya: si kiburi, ni hogo. Alimweleza hata muuza dagaa. Mimi nilikuwa nikikaa pembeni namwambia, "Wifi, ameishia njiani huyu," naye akatafuta cha kunirushia, lakini hakuweza kunyanyuka.

Hogo lilipokatwa, tulitegemea kwamba mambo yamekwisha. Mguu ulitoka mwembamba, umepauka, na goti halikukunja. Marsiana aliliamuru. Akalibembeleza. Likabaki limenyooka. Daktari akasema hilo ni la kawaida, goti lililofungwa muda mrefu linakakamaa, aende chumba cha mazoezi ya viungo. Nikamsindikiza, yeye na fimbo yake. Mlango ukafunguliwa, na aliyeufungua alikuwa Salome.

Alikuwa ameshika mlango kwa mkono mmoja ili mzee mwenye magongo apite. "Shikamoo mama," alisema. "Shikamoo shangazi." Na alikunja magoti kidogo, vilevile kama siku ile ya migebuka.

Nilimtazama wifi yangu. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye magoti ya binti. Mazoea ni mazoea. Kisha nikayaona yanarudi juu, na usoni pake pakapita kitu ambacho sikuwahi kukiona pale, aibu.

"Marahaba," alisema. "Unaitwa nani vile?"

"Salome, mama."

"Wa wapi?"

"Wa Wampembe, mama. Njoo tukuone."

Ukutani palikuwa na picha ya mtu asiye na ngozi, nyama zote nje. Nikamgeukia huyo, nikamcheka yeye, ili wadhani ndiye aliyenichekesha.

Salome hakuanza na goti. Alimsimamisha Marsiana katikati ya chumba, wima, uso mbele, mikono pembeni, viganja vikitazama mbele.

"Kama mtu anayepekuliwa?" Marsiana aliuliza.

"Kama mtu aliyekwisha kupekuliwa, akaonekana hana kitu," Salome alijibu. "Mama, kila tunachokisema kuhusu viungo tunahesabu kuanzia hapa. Usiposimama hivi, mimi nasema pembeni, wewe unasikia mbele."

Halafu akamfundisha. Ninayasimulia kama nilivyoyasikia, kwa sababu nilijifunza na mimi bure, nimekaa kwenye benchi. Kukunja ni kuifanya pembe kati ya mfupa na mfupa iwe ndogo, kama kiwiko unapopeleka tonge mdomoni. Kunyoosha ni kuirudisha pembe iwe kubwa, kama mkono ule ule unaporudi kwenye sahani. Ukiupeleka mguu pembeni, mbali na mstari wa katikati ya mwili, unatanua. Ukiurudisha kwenye mstari wake, unakusanya. Paja likigeukia nje au ndani huku limesimama pale pale, huko ni kuzungusha. Kiganja kikitazama juu kama anayepokea, kimegeuzwa juu, na kikitazama chini kama anayenyunyiza mbegu, kimegeuzwa chini. Hata wayo una yake: unaweza kuvuta vidole vije juu kuelekea uso wako, au ukausukuma uende chini kama mtu anayechungulia juu ya ukuta wa jirani.

"Huo wa kuchungulia wifi anaujua," nilisema.

"Si kila kiungo kinaweza yote," Salome aliendelea. "Bega na nyonga ni kama mchi ndani ya kinu, unaupeleka kila upande. Goti ni bawaba ya mlango. Linakunja, linanyoosha, basi. Ukilazimisha zaidi, unang'oa mlango."

Marsiana alikuwa anasikiliza kama anavyosikiliza Injili, mdomo wazi kidogo. "Kwa hiyo kupiga goti ni kukunja," alisema.

"Kukunja nyonga, kukunja goti, na wayo nao una kazi yake. Viungo vitatu vinaelewana. Na huko ni kushuka tu, mama, wakati uzito unakusaidia. Kunyanyuka ni kunyoosha vyote vile, na hapo uzito unaubeba mwenyewe."

"Kunyanyuka sikuwahi kuangalia," Marsiana alisema.

Alilisema kwa unyoofu kabisa, na ni kweli. Katika ukaguzi wake wote pale mlangoni mwa kanisa, msichana akishafika chini alama zilikuwa zimeshatoka.

Nilidhani sasa atanyenyekea. Kumbe nilikuwa simjui. Aliporudi Mollo alikuwa na maneno mapya, na mkaguzi akipata maneno mapya kijiji kinapata tabu mpya. Mtu akilima anaambiwa, "Unakunja mgongo, nyonga umezipa likizo." Katekista akigeuza kichwa, "Shingo anazungusha vizuri, kukunja ndiko hakuna." Jogoo wangu alisifiwa kwa kutanua mabawa na kulaumiwa kwa kuyakusanya ovyo. Siku moja kwenye Misa, padre aliponyanyua mikono kwa sala, wifi alininong'oneza, "Bega zima, kiwiko kizima, viganja angegeuza kidogo." Nilicheka ndani ya kanisa, mtu mzima na umri wangu, na nikatazamwa.

Lakini Misa ile ile, kengele ya mageuzo ilipolia, kanisa zima likashuka chini, yeye akabaki amekaa, peke yake, juu ya vichwa vyote. Nyuma yetu mama mmoja, ambaye binti yake aliwahi kupewa alama mbaya, akasema polepole vya kutosha asikike, "Wengine siku hizi Mungu wanampokea wakiwa wamekaa." Marsiana hakugeuka. Tulipofika nyumbani alilia. Alilia kwa uchungu, pua inatiririka, anasema hakujua, hakujua kabisa namna inavyokuwa mtu akikukagua na wewe kiungo chako kinajua sababu ila hakina mdomo. Nilimshika mkono. Mwanamke huyu nimemtania maisha yangu yote na siku ile sikuwa na neno hata moja la utani.

Baada ya hapo akawa anafanya mazoezi kama anayelipwa. Alikaa mkekani akiteleza kisigino kuja mwilini, kanga imezungushwa kwenye wayo, anaivuta kwa mikono miwili huku akimtaja mtakatifu mmoja baada ya mwingine. Goti likaanza kukubali. Kwanza liliweza kukaa kwenye kiti bila kumpiga mtu teke. Halafu likaweza kupanda ngazi ya kanisa. Tulienda mjini kila lilipotakiwa, na Salome alilipima kwa kile kipimo chake cha plastiki chenye mikono miwili, akalikunja taratibu mpaka Marsiana akunje uso.

Siku moja, katikati ya kupimwa, Marsiana aliuliza akitazama darini, "Bibi yako hajambo?"

"Hajambo, mama. Magoti tu yanamsumbua, uzee."

"Bado anakumbuka yale maneno?"

"Anakumbuka, mama."

Hata yule mtu wa ukutani niliona kama ametega sikio.

"Na wewe?"

Salome hakuinua macho kutoka kwenye kipimo. "Mimi pia nakumbuka, mama. Kunja tena."

Marsiana akakunja, mbali kuliko siku zote. Kisha akauliza swali ambalo nilijua lilikuwa tumboni mwake muda mrefu: goti hili litafika chini? Salome alimwambia ukweli. Kukaa, kutembea, kulima, ndiyo. Kuliweka chini na kulikalia kwa uzito wote, juu ya mfupa ule uliopasuka, huenda ikawezekana, huenda isiwezekane. "Usijaribu bila mimi kuwepo," alisema, na alilirudia.

Tulipotoka nje kulikuwa na ule upepo wetu wa Juni unaokata masikio. Marsiana alijifunga vizuri kitenge, akasema, "Wifi, nakwenda Wampembe."

"Na goti?"

"Goti nalo linakwenda. Nitaliacha wapi?"

Nilimshauri tutume mshenga aeleze kwamba goti limevunjika, kila mtu ataelewa. Alinitazama kama nimesema upuuzi. "Cornelia atasema nimelivunja makusudi nisimpigie. Na yale maneno niliyasema mimi, kwa mdomo wangu, mbele ya watu. Nitayafuata mwenyewe." Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini, "Adriano anazeeka, wifi. Umeona mvi pale sikioni?"

Mshenga tuliyemtuma kutoa taarifa safari hii alikuwa mwingine, mwenye kipaji cha kusahau. Salome alikuwa amekwenda likizo kwa bibi yake na hakuambiwa kitu. Adriano tulimwambia avae shati lisilo na oili na abebe unga wa ulezi. Hakuuliza tunakwenda wapi. Gari lilipoacha Namanyere na kuanza kuteremka milima kuelekea ziwani, niliona mikono yake imeushika mfuko wa unga kwa nguvu, vidole vyote vimekunjwa. Kadiri tulivyoshuka ndivyo joto lilivyopanda, tukavua masweta moja baada ya jingine, na harufu ya samaki ikatupokea kabla ya watu.

Bibi Cornelia alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya mlango wake, mwembamba, amenyooka. Wanawake majirani walikuwa wanaanika dagaa mchangani, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anawatazama dagaa. Marsiana alisimama mbele ya mama yule, akanipa fimbo yake. Wakati huo huo Salome akatokea nyuma ya nyumba na beseni. Alituona, akaona fimbo iko mkononi mwangu, akaelewa.

"Mama! Usithubutu!"

Marsiana alikuwa ameshaanza. Safari hii hakikuwepo kishindo. Alikunja nyonga kwanza, kama alivyofundishwa. Goti la kulia likakunja, likashuka, likagusa mchanga. La kushoto likafuata, polepole, likafika lilipozoea kufika, likagoma. Alibaki hivyo, goti moja chini, jingine linaning'inia juu ya mchanga, jasho linamtoka kwenye paji la uso. Ameishia njiani. Yale maneno yake mwenyewe yalinijia, na nikamwomba Mungu wifi asiyakumbuke. Lakini alikuwa anayakumbuka, niliona.

Akapiga makofi yake, taratibu. "Shikamoo mama."

Bibi Cornelia hakuitikia. Wanawake waliacha hata kujifanya wanaanika.

"Nilisema mjukuu wako ana magoti ya saruji," Marsiana alisema, na sauti ilikuwa inatetemeka pamoja na paja. "Ya saruji ni haya yangu, mama. Nimeyaleta uyaone."

Bibi Cornelia aliyatazama. Alichukua muda wake. "Huko Mollo," alisema mwishowe, "ndiyo mnaishia hapo?"

"Bibi!" Salome alisema, beseni bado analo.

Marsiana akauma meno, akajaribu kulisukuma goti chini, na sauti ikamtoka ambayo si ya mtu mzima. Hapo Bibi Cornelia akanyanyuka. Alishika ukuta, akapiga hatua mbili, na mbele ya majirani wote, yeye mkubwa, mwenye haki ya kusalimiwa, akaanza kushuka. Magoti yake yalilia, tuliyasikia. Alifika chini kwa shida, wakawa uso kwa uso, akaweka kidole gumba kwenye goti la wifi yangu, akalibonyeza kama anayenunua parachichi.

"Ulivunjikia wapi?"

"Kwenye vigae, mama."

"Ulikuwa unafanya nini kwenye vigae?"

"Nilikuwa nafundisha watu kupiga goti."

Kicheko cha Bibi Cornelia kilianza bila sauti, mabega tu. Kisha kikatoka chote. Alicheka mpaka akauegemea mwili wa Marsiana, na Marsiana naye, machozi yanamshuka, akaanza kucheka, na walivyoshikana pale sikujua nani anamzuia mwenzake asianguke. Bibi Cornelia alipopata pumzi, alijipangusa macho kwa ncha ya kanga.

"Marahaba, mwanangu," alisema.

Adriano aliweka ule mfuko wa unga chini. Nadhani ndipo alipokumbuka kwamba ni mzito.

Sasa ikabaki kunyanyuka, na hapo ndipo ilipoonekana kwamba hakuna anayeweza. Bibi Cornelia alijaribu, akarudi chini. Marsiana alijaribu, akamvuta mwenzake. Majirani walikuja kumchukua bibi, mmoja huku mwingine kule, wakimcheka naye akiwatukana kwa upendo. Wifi yangu akabaki pale mchangani, goti moja chini, jingine hewani. Salome akaja. Aliweka beseni kando, akapiga magoti mbele yake, yote mawili, yakazama mchangani, akapitisha mikono chini ya makwapa ya Marsiana na kumkumbatia ili ambebe vizuri.

"Kukunja umemaliza, mama," alisema. "Sasa tunanyoosha."

Nilimtazama wifi yangu. Magoti ya binti yalikuwa pale, karibu kabisa, yamefika chini bila kasoro, na nilijua macho yake yatakwenda wapi. Nikasubiri alama.

Marsiana alifumba macho, akamshika Salome shingoni kwa mikono yote miwili.

"Polepole, mkwe wangu," alisema.